Mtu Niliyemtangaza Kuwa Amekufa

Mwaka nilioomba mafunzo yale nilikuwa nimebakiza miezi michache kufikia umri wa mwisho. Masharti yalikuwa wazi: daktari aliyemaliza ubingwa, asiyezidi miaka arobaini na mitano, mwenye swali la utafiti linalotokana na kazi yake mwenyewe. Anayechaguliwa hupewa miaka miwili ya kujifunza kufanya utafiti na kuongoza huduma, na akirudi anatarajiwa kubadilisha kitu hospitalini kwake. Wengi huomba wakiwa na miaka thelathini na kitu. Mimi nilichelewa kwa sababu nilianzia chini. Nilikuwa mhudumu wa wodi huko Iringa, nikipiga deki na kumwaga mabeseni. Kiingereza nilijifunza kwa kusoma karatasi zinazowekwa ndani ya maboksi ya dawa. Nikafanya mitihani ya sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikawa tabibu, kisha daktari, kisha bingwa wa upasuaji hapa Mbeya. Kila hatua ilikula miaka. Nikikosa safari hii, hakukuwa na safari nyingine.

Swali langu lilihusu watu wanaopigwa na umati. Redio huwaita wapigaji "wananchi wenye hasira kali", na habari huishia hapo. Kwetu ndipo inapoanzia. Mtu anashushwa kwenye bajaji akiwa amevimba mgongo mzima, na juu ya uvimbe kuna alama za kingo za mbao. Mfupa wa kigasha umevunjika upande wa nje, kwa sababu ndio upande anaouinua kukinga kichwa. Vidole vimepondwa. Meno yamo mdomoni lakini hayamo kwenye fizi. Wengine wana moto juu ya hayo yote, mpira wa tairi ulioyeyuka ukagandana na ngozi, na hautoki bila kutoka na ngozi. Hao wa moto mwisho wao mara nyingi tunaujua wakingali mlangoni.

Walionisumbua akili ni wale wanaofika wakiongea. Wanakunywa uji, wanamtania nesi, na baada ya siku chache wanakufa. Kabla ya kufa mkojo wao huwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi. Nyama ya mwili ikipondwa sana humwaga sumu kwenye damu, na figo hushindwa kuichuja. Hilo limo vitabuni. Ambalo sikulikuta popote ni kama watu wetu wangeishi endapo wangewekewa dripu nyingi na mapema, kwenye zahanati iliyo jirani na pale walipopigwa, kabla ya kuletwa kwetu. Hilo ndilo lilikuwa andiko langu.

Kamati ya maadili ilitaka kwanza niwaeleze wananchi ninachotaka kufanya. Mwenyekiti wa mtaa mmoja wa Ilomba akaniitia mkutano mbele ya ofisi yake, watu wamekaa kwenye viti vya plastiki na wengine kwenye tofali. Mzee wa kanisa alifungua kwa sala. Nikaeleza kwa maneno mepesi niliyoyapanga nyumbani.

"Kwa hiyo dokta," akauliza kijana mmoja wa bodaboda, "sisi tupige, halafu nyie muwatie maji?"

Watu wakacheka.

"Nataka wasife," nikasema.

"Mwizi asipokufa anarudi," akadakia mama mmoja muuza mchele. "Mimi wamenivunjia mlango mara mbili. Polisi wanamshika asubuhi, jioni anapita, ananikuta nimekaa hapa. Eti, 'Shikamoo mama.' Shikamoo! Mwe! Na marahaba niitikie?"

Vicheko vikaongezeka, na mimi nikafanya jambo nililodhani ni la kitaalamu. Nikauliza ni nani kati yao amewahi kumpiga mwizi. Nilitarajia kimya, niwaambie kwamba naelewa ugumu wa kusema. Mikono ilinyanyuka kama kwenye kura. Mzee aliyefungua kwa sala alinyoosha wake. Mwenyekiti akanyoosha, akanitazama, akaushusha nusu.

"Andika, dokta," mama wa mchele akaniambia. "Ila mimi jiwe moja tu."

Wiki hiyo hiyo nilikwenda Mwanjelwa, karibu na soko, kuchapisha na kujalidi karatasi zangu. Nilikuwa ndani ya steshenari niliposikia ile sauti. Anayeishi mjini anaijua: neno moja la kwanza, "Mwizi!", halafu miguu, halafu mlio usiofanana na mlio wa kitu kingine chochote, wa mbao ikipiga mwili. Watu wa duka wakatoka kutazama. Nikatoka nao.

Alikuwa mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mwenye sweta la kijani. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amemshika ukosi, akipiga kelele kwamba huyu ndiye aliyemwibia pikipiki na kumwacha porini. Nilimwona huyo dereva vizuri. Alikuwa analia huku akipiga. Wenzake wa kijiwe walishafika, na mafundi seremala wa jirani, na watu waliokuwa wakichagua nyanya. Sweta likavutwa kichwani ili asione. Akapigwa ubavuni kwa mbao ya mbili kwa nne, akaanguka. Akajaribu kutambaa kwenda chini ya meza ya mitumba, wakamvuta kwa miguu, na kidevu kikagonga ukingo wa mtaro. Nilisikia taya likivunjika. Kuna aliyemkanyaga kiganja na kuzungusha kisigino, kama mtu anayezima sigara. Msichana mwenye sare ya saluni alirusha kipande cha tofali, akarudi kazini.

Nikaingia. Sikuwa na mpango. Nilisema mimi ni daktari, mimi ni daktari, na nikainama juu yake.

"Mwenzake huyo!" mtu akapiga kelele. "Wako wawili!"

Nilipigwa sikioni na kitu kizito, na tangu siku hiyo sikio la kushoto halisikii vizuri. Pigo la pili lilinipata begani. La tatu nililikinga kwa kigasha, upande wa nje, na hata nikiwa katika hofu ile nililitambua.

"Acheni! Acheni! Huyo ni dokta kweli, ndiye alimpasua mama yangu!"

Sikumwona aliyesema. Mbao zikasita. Nikaweka vidole kwenye shingo ya yule mtu. Mapigo yalikuwepo, ya haraka, yenye nguvu. Alikuwa anapumua kupitia damu. Nikainua macho nikaona tairi linakuja likibingirishwa, na nyuma yake kijana ameshika chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo ndani yake hamkuwa na maji. Harufu ilimtangulia.

Niliwahi kuona, katika kituo cha afya nilichofanyia kazi nikiwa tabibu, umati ukimfuata majeruhi hadi kitandani na kumtoa dirishani. Nilijua kuwasihi hakufai. Nilijua pia kinachowafanya waache. Nikatazama saa yangu, nikalishusha sweta usoni, nikamfumba macho yule mtu kwa kiganja, nikasimama.

"Amekufa," nikasema.

Nikamwomba mama wa mitumba kitenge. Akanipa. Nikamfunika kuanzia utosini hadi miguuni, nikavua kofia.

Kilichofuata kilinishangaza kuliko kipigo. Wanaume walivua kofia zao. Mbao ziliwekwa chini, hazikutupwa, ziliwekwa taratibu kama vyombo. Mwanamke mmoja niliyemwona na jiwe alianza kulia kilio cha msiba, kile chenyewe. Waliokuwa nyuma wakaanza kuondoka, kwa sababu hakuna anayetaka kukutwa na polisi karibu na maiti. Kijana wa petroli tu ndiye aliyebaki.

"Una uhakika, dokta?"

"Mimi ndiye ninayejua kufa," nikamjibu.

Akamwaga petroli mtaroni, akakung'uta chupa, akaondoka nayo.

Nilikaa chini kando ya kile kitenge. Kilikuwa kinapanda na kushuka kidogo usawa wa kifua. Nikakiwekea karatasi zangu juu ili pumzi zisionekane, nikamwinamia na kumwambia asitikisike. Dereva wa pikapu ya kabichi alikubali kumbeba "marehemu". Tulipovuka kona ya kwanza nikamfunua uso na kuanza kumsafisha damu kooni. Dereva alitazama nyuma, akaona miguu inacheza, nusura atutie mtaroni.

Nilimfanyia kama nilivyoandika katika andiko langu: dripu mbili kwa mpigo, mpira wa mkojo, kuhesabu kila kinachoingia na kinachotoka. Mkojo ulikuja mweusi. Niliona giza lile linaingia kwenye mfuko na nikaendelea kumwaga maji. Kesho yake ulikuwa wa kahawia, kisha wa njano. Figo hazikufa.

Polisi niliwaambia ukweli, nikawaomba wasiuseme mitaani kwa siku moja, wapigaji wasije kummalizia wodini. Wakakubali. Jina lake hatukulijua. Simu yake ilikuwa imechukuliwa na taya lilikuwa limefungwa kwa waya. Basi nikanyamaza. Kulikuwa na sababu nzuri ya kila nilichofanya.

Ambacho sikukifikiria ni simu za wengine. Watu wasiopungua kumi walikuwa wamenirekodi. Sauti yangu ikisema "Amekufa" ilifika Kilolo, mkoani Iringa, kabla jua halijazama, na mama mmoja akalitambua lile sweta la kijani, kwa sababu alilifuma mwenyewe.

Kesho yake asubuhi kaka wawili wa yule majeruhi walifika Mbeya na mjomba wao, kwenye gari dogo la mizigo lenye jeneza nyuma. Hawakuja hospitali kwanza. Walisimama Mwanjelwa, kwenye kijiwe cha bodaboda, wakauliza kwa upole ni nani jana aliyemkamata mwizi. Yule dereva akajitokeza mwenyewe. Wenzake walinieleza kwamba alitabasamu, alidhani ni watu wanaokuja kumpongeza, wengi walishampongeza. Wakatoa nyengo chini ya turubai. Nyengo ni ya kufyekea vichaka, ina mpini mrefu na ncha iliyojikunja, na hukata inapovutwa. Pigo la kwanza lilimpata mkono wa kushoto chini ya kiwiko, nayo ikavutwa. La pili lilifungua bega hadi mfupa. Kijiwe kizima kikawaangukia wale kaka wawili, na polisi ndio waliowatoa wakiwa hai.

Dereva waliniletea mimi. Mkono ulikuwa umeshikiliwa na kipande cha ngozi na mshipa mmoja mweupe. Wakati naufunga mshipa wa damu, mlinzi alikuja mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Dokta, kuna mzee getini na jeneza. Anataka mwili wa jana."

"Mpeleke wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani."

"Kuna maiti wodini?"

"Mpeleke."

Nesi alinisimulia kwamba mjomba alimkuta mpwa wake ameketi, ananyonya uji kwa mrija. Alipiga ukuta kwa ngumi mpaka ngozi ya vidole ikachanika, kisha akaketi sakafuni. "Na sanduku nimeshabeba," alikuwa anasema. "Na sanduku nimeshabeba."

Mkono wa yule dereva sikuweza kuuokoa. Niliutoa mchana ule.

Andiko la maombi lilidai pia ukurasa mmoja wenye kichwa: eleza tukio ambalo uliongoza watu bila kuwa na mamlaka juu yao. Nilikuwa nimeshaandika namna nilivyopanga upya zamu za chumba cha upasuaji. Niliufuta nikaandika Mwanjelwa. Lakini huwezi kumwandika mgonjwa bila ridhaa yake, kwa hiyo alipopona nilipanda basi hadi Iringa, na kutoka hapo hadi kwao Kilolo.

Mama yake alinipokea nje, kwenye baridi. Nikamsalimu "kamwene", akaitika, akanitazama sikio lililokuwa bado na plasta.

"Wewe ndiye sauti ile," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na kaburi lenye udongo mpya. Siku ile walipopata habari walichimba, na katika ukoo ule kaburi lililokwisha kuchimbwa haliachwi wazi, huita mwingine. Walikuwa wamezika mgomba, umefungwa sanda, na wameulilia kama mtu ili kaburi liamini.

"Nilimzika mwanangu akiwa kwako anakunywa uji," akasema. "Sasa huyu yupo, anachechemea, ananisaidia kumenya viazi. Wale wawili wako mahabusu. Umenirudishia mmoja, umenichukulia wawili. Nikushukuru au nikufukuze?"

Nilimwambia sijui.

"Basi kunywa chai kwanza," akasema. "Nitakufukuza baadaye."

Mwanawe aliketi nasi. Kama aliiba ile pikipiki au hakuiba, sikumwuliza, na mpaka leo sijui. Nilimsomea ukurasa wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaongea kwa shida kwa sababu ya taya.

"Hapo umeandika umeniokoa. Halafu umeweka nukta," akasema. "Andika na ndugu zangu. Na yule wa mkono pia. Ukiwaandika wote, nakuruhusu. Ukiniandika mimi peke yangu, hapana."

Nikaahidi, na nikaandika.

Usaili ulifanyika kwa kompyuta, mimi nikiwa katika chumba cha mikutano cha hospitali na wasaili watatu kwenye skrini. Barua ya mkuu wangu wa kazi ilikuwa bado haijafika kwao, waliruhusu ifuate. Waliniuliza kuhusu figo, kuhusu zahanati, kuhusu namna ya kuhesabu vifo. Kisha mama mmoja, profesa, akauliza kama ningeambiwa nirudie siku ile ningesema tena kwamba amekufa.

"Haiwezi kurudiwa," nikamjibu. "Wiki iliyopita tumeletewa mwingine. Waliomleta walisema safari hii hawakungoja daktari. Walisema yule wa kwanza alifufuka, kwa hiyo huyu walimchoma kwanza. Alifika akiwa hana uso."

Profesa akauliza tena, taratibu zaidi, ni kitu gani nilichokosea.

"Nilipima mapigo ya moyo, nikaona petroli, nikaona umati. Sikufikiria kwamba ana ndugu."

Siku chache baadaye wakaniandikia kwamba nimechaguliwa, mradi barua ya mkuu wangu iwafikie pamoja na faili zima likiwa na mhuri wa hospitali. Mkuu wangu huyo, mkurugenzi wa hospitali, ni mdogo wangu kwa umri, na tumesaidiana mengi. Aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mzee, hongera. Barua yako nimeiandika, hii hapa, nzuri. Ila huu ukurasa siwezi kuugongea mhuri."

"Wasaili wameshausikia."

"Walichosikia ni maneno. Hiki kinabaki kwenye faili lenye nembo yangu. Daktari wangu anatangaza kifo cha mtu aliye hai, sokoni. Unajua watu wanawauliza nini wahudumu wangu wa mochwari? 'Huyu mmempima vizuri, au ni kama yule wa dokta?' Juzi familia imekaa na maiti siku nzima, wanamkandakanda miguu, wanakataa kuondoka."

"Walikuwa na petroli, mkurugenzi."

"Najua. Ningekuwepo ningesema hivyo hivyo. Lakini nisingeandika." Akanisogezea kiti. "Rudisha ile ya zamu. Leo hii nagonga mhuri. Nakuomba, mzee. Ni ukurasa mmoja."

Alikuwa ananitakia mema, na nasema hivyo bila kejeli. Nilikwenda nyumbani nikaufuta kweli ule ukurasa, nikasoma faili lote upya kuanzia mwanzo kama angelisoma mtu asiyenijua. Lilikuwa andiko zuri kuhusu figo. Ndani yake watu walikuwa wamepondwa, lakini hakuna aliyewaponda, na hakuna aliyewafuata nyuma akiwa na jeneza. Nikajaribu kuandika sentensi moja fupi kuhusu wale kaka wawili, nikaiingiza sehemu ya utangulizi. Haikukaa. Nikaurudisha ukurasa wote, nikampelekea mkurugenzi faili kama lilivyokuwa. Aliligeuza mikononi mwake, akalirudisha kwangu bila mhuri. Hatukugombana.

Tarehe ya mwisho ikapita, na mimi nikavuka umri. Nafasi ilikwenda kwa daktari mwingine, kijana, wa mkoa wa mbali, aliyekuwa nyuma yangu kwenye orodha. Nilitafuta anuani yake nikamwandikia kumpongeza. Nikamtumia na andiko langu zima, nikamwambia swali hilo analiweza yeyote mwenye miaka miwili na msimamizi, alichukue kama linamfaa.

Alijibu siku ileile. Aliandika kwa adabu, akaniita mwalimu, akasema analichukua. Kisha akauliza, kwa sababu kwao mambo hayo hayatokei sana, watu wetu hasa huwa wanapigwa na nini, ili ajue ni majeraha ya aina gani atayatarajia.

Nikavuta kiti, nikaanza kumjibu kwa mpangilio. Mbao ya mbili kwa nne, kwa ukingo wake na si kwa ubapa. Nondo. Tofali, likiwa zima na likiwa nusu. Kisigino cha buti. Mnyororo wa pikipiki. Jiwe moja tu.